Nilivyorudisha Chupa za Watu

Mjomba wangu Kombo aliwaambia watu wa Tongoni, mimi nimesimama palepale, kwamba huyu Bakari hatamaliza hata mwaka huko Mombasa. Atarudi na redio na suruali pana. Fundi mkuu wa kiwanda aliponipokea Tanga alisema stashahada yangu ingefaa kufunikia mtungi. Na meneja aliyekuja wakati kiwanda kinauzwa alisema mtu aliyezoea bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia matone, hawezi kununua kemikali ng'ambo kwa kompyuta, atanunua uchafu. Nawashukuru wote. Mjomba Kombo alipatia kuhusu suruali tu.

Vijana wa maabara mmeniomba niandike kabla sijasahau. Sisahau, ila nitaandika. Vyeo na mishahara naviacha; vyeo vimo kwenye picha za ukutani na mishahara tuliila. Nitasema habari za chupa, na namna ya kutafuta kemikali kwenye ile katalogi ya mtandaoni mnayoiita kanzidata. Nawaona mnavyoitafuta: mnaandika neno moja, mnapata kurasa mia, mnachukua la kwanza. Mtu wa kwanza kuifungua katika maabara za mji huu ni mimi. Mwenye ubishi aje nyumbani, chai ipo.

Nilikwenda Mombasa kijana, nikapata kazi ya kuosha mapipa katika kiwanda cha rangi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, nami nikawa upande ule. Wenzangu walilia, mimi nikajiandikisha masomo ya jioni katika chuo cha ufundi, nikawa naosha mapipa mchana na jioni najifunza kilichokuwamo ndani ya mapipa. Hakuna aliyenilipia. Nilipopata stashahada ya teknolojia ya kemia niliitia fremu kabla sijanunua godoro. Mpaka ulipofunguliwa nilipita Horohoro na sanduku moja na fremu imefungwa kwa shuka. Askari wa forodha akauliza, "Hii picha ya nani?" Nikamwambia, "Ni mimi, lakini kwa maandishi."

Kiwanda chetu kilikamua mafuta ya mbata na kupika sabuni. Kilikuwa cha umma. Siku yangu ya kwanza niliingia maabara nikaona rafu nzuri zimejaa chupa za kahawia, lebo safi, mpangilio wa kupendeza. Nikashika chupa ya kwanza, nyepesi. Ya pili, nyepesi. Nikazishika zote. Zilikuwa tupu, mzee. Fedha za kigeni hazikuwepo, maombi yalikwenda Dar es Salaam na kurudi na jibu kwamba ombi linashughulikiwa, na katika kushughulikiwa huko watu wengine walistaafu.

Lakini mafuta yalipimwa kila siku. Nilishangaa yanapimwaje, mpaka nikaonyeshwa rafu ya mbele, kando ya dirisha. Pale palikaa chupa zisizo zetu. Moja ina alama ya idara ya maji, nyingine ya shule, nyingine ya studio ya picha. Hii ndiyo azima ya maabara, nanyi mliokuja wakati wa neema hamuijui. Katika miaka ile, aliyekuwa na kemikali alimpa asiyekuwa nayo, kama jirani anavyoazima chumvi. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Kemikali ilitoka katika chupa ya mwenyewe, na ikiisha, chupa yake tupu inaoshwa na kuwekwa mbele ya rafu, lebo ikitazama mlango, mpaka siku ya kuijaza na kuirudisha. Ukiingia kazini asubuhi, jambo la kwanza kukutazama ni chupa ya mtu.

Wiki ile ile nilitumwa kuazima thayosalfeti kwa Bi Mwanahamisi, mkuu wa maabara ya idara ya maji. Thayosalfeti ni fuwele nyeupe kama mawe ya chumvi. Sisi tunaitumia kujua kama mafuta yameanza kuchacha, wao kupima klorini ya majini. Nilivaa tai. Nikamkuta mama mfupi, miwani imefungwa uzi, anainamia bureti.

"Shikamoo, Bi Mwanahamisi."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa Mombasa?"

"Ndiye. Nina stashahada ya—"

"Nimesikia. Mji mzima umesikia. Shika hapa, Bwana Stashahada, uniambie unasoma ngapi."

Nikasoma bureti nikiwa nimesimama wima. Akanipiga kofi dogo la bega. "Jicho lishuke lilingane na maji. Mombasa hamna magoti?" Tangu siku ile sijasoma bureti bila kukunja magoti, na magoti yangu ya leo yanamkumbuka. Yeye alikuwa amesoma kuliko mimi na hakuhitaji kulisema. Mimi nilihitaji, na nililisema.

Kwa miaka kadhaa tulikopa na kurudisha. Mzigo ukiingia, tunajaza chupa za watu kwanza. Halafu kiwanda kikaanza kufa taratibu. Mtambo mmoja ukasimama, wa pili ukawa unatoa vipuri kwa wa tatu. Zikabaki rafuni chupa tatu ambazo hatukuweza kuzijaza. Ya Bi Mwanahamisi, ya thayosalfeti. Ya Mwalimu Mhando wa sekondari, ya fenofthalini, ule unga ambao mkitia kidogo kwenye spiriti na kudondosha matone kwenye maji ya magadi mnaona rangi ya waridi. Na ya Hamadi, Mpemba mwenye studio ya picha pale Ngamiani, ya asidi asetiki kali, ambayo yeye aliitumia kusimamisha picha isiungue katika dawa na sisi tukaitumia katika kipimo hicho hicho cha kuchacha. Zilikaa pale miaka. Nilizifuta vumbi mwenyewe.

Zikaja siku za soko huria. Madukani zikajaa sabuni za kila rangi kutoka kila nchi, na kiwanda kikauzwa. Mwenye mali mpya akamleta meneja, Bwana Mbwambo, mtu wa Upareni, mwembamba, asiyepoteza neno. Alikagua kila chumba. Alipofika kwangu akasimama mbele ya zile chupa tatu.

"Hizi tupu za nini?"

Nikamweleza azima.

Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Maabara inayoomba chumvi kwa jirani ni jiko." Akageuka kuondoka, akarudi. "Tumepata mnunuzi wa mafuta Komoro. Anataka majibu ya vipimo, na anataka maabara ya pili ya hapa mjini ipime sampuli ile ile na kuweka sahihi. Ukiweza, chumba kinabaki. Usipoweza, nafunga, sampuli zitakwenda Mombasa, na wewe na wenzako mtafute pengine. Nitasaini oda moja ya kemikali. Moja. Ukikosea, sina ya pili."

Nikamwambia atapata majibu. Sijawahi kumwambia mkubwa jambo jingine.

Maabara ya pili yenye uwezo ilikuwa moja tu. Nikaenda kwa Bi Mwanahamisi, nikamwamkia, nikamweleza. Aliendelea kuosha pipeti.

"Bureti haijui kama ni maji au mafuta," akasema. "Naweza kupima, na sahihi yangu ninayo. Chupa yangu iko wapi?"

"Ipo rafuni, Bi Mwanahamisi. Inang'aa."

"Inang'aa kwa kuwa tupu. Irudi imejaa. Na ya Mhando, na ya yule Mpemba. Sisi wote watatu tunasalimiana, nami siweki sahihi kwa mtu ambaye nikikutana na wenzangu tutamsema."

Basi mambo yakawa wazi. Nirudishe chupa zote tatu, kwa oda moja, bila kukosea, au maabara ifungwe.

Wakati huo kilikuwa kimefunguliwa kituo cha intaneti Ngamiani, mali ya dada mmoja, Saumu. Kompyuta chache, feni moja, na simu iliyolia kama paka kabla ya kuunganisha. Nilikuwa nimesikia kwamba wauzaji wakubwa wa kemikali wa Ulaya wameweka katalogi zao humo. Nikaketi, Saumu akanifungulia ukurasa, nami nikaandika kwa Kiingereza changu safi cha chuo sentensi kamili, kwa heshima, nikiomba kujulishwa kama wanayo asidi asetiki ya daraja la uchambuzi. Nikabonyeza. Haikuja hata bidhaa moja.

Saumu alikuwa anachungulia. "Kaka Bakari, mashine haina masikio. Unaiandikia barua?"

"Naieleza ninachotaka."

"Usiieleze. Ipe jina tu, kama unavyomwita mtu yuko mbali. Huwezi kumwita mtu yuko ng'ambo ya mto ukaanza na 'natumaini hujambo'." Wateja wengine wakacheka. Akaongeza, "Na wenzako humu wanatafuta wachumba, wewe unatafuta asidi. Shemeji anajua?"

Nikaandika jina tu. Zikaja bidhaa nyingi mpaka nikaona kizunguzungu: siki ya kutengenezea achari, asidi ya viwandani kwa mapipa, asidi iliyopunguzwa, asidi ya kupimia, ndugu zake na binamu zake. Umeme ukakatika nikiwa ukurasa wa tatu. Saumu akawasha jiko la mkaa nje akaanza kukaanga kachori, kwa sababu biashara moja ikilala nyingine haina sababu ya kulala. Nikarudi nyumbani nikiwa nimejua kwamba sijui, jambo ambalo halinitokei mara kwa mara.

Aliyeniokoa hapo ni Mwalimu Mhando. Nilimkuta anasahihisha madaftari. Alikuwa Mbondei mrefu mwenye sauti ya kanisani.

"Bakari wee! Umeleta unga wangu?"

"Bado, Mwalimu. Nimekuja kuuliza namna ya kuutafuta."

Akacheka mpaka kalamu ikaanguka. "Umeazima kwangu, sasa unataka nikufundishe na namna ya kunilipa!" Lakini alifundisha, kwa sababu mwalimu hawezi kujizuia. Akachukua chaki. Kila kemikali duniani, alisema, ina nambari yake ya usajili, kama gari. Majina hubadilika; Mjerumani ana lake, Mwingereza ana mawili, muuzaji ana la kwake la biashara. Nambari ni ile ile. Ina vipande vitatu vilivyotenganishwa kwa vistari, na kwenye chupa nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya lebo, mahali ambapo hakuna anayesoma.

"Hata maji yanayo," akasema, akaandika ubaoni 7732-18-5. "Na tarakimu ya mwisho ni mlinzi. Iache pembeni. Zilizobaki, anzia kulia: ya kwanza zidisha kwa moja, ya pili kwa mbili, ya tatu kwa tatu, uendelee hivyo. Jumlisha. Jumla ikiishia na tarakimu ile ya mlinzi, umenakili sawa."

Nikafanya palepale. Nane mara moja, moja mara mbili, mbili mara tatu, tatu mara nne, saba mara tano, saba mara sita. Mia na tano. Inaishia na tano, na mlinzi ni tano. Nilifurahi kama mtoto, nami nilikuwa na ndevu zenye mvi.

Kwa hiyo vijana, namna yangu ndiyo hii, nami nimeitumia mpaka siku ya kukabidhi ufunguo. Kwanza soma chupa tupu uliyo nayo, yote, hata maandishi madogo. Nakili nambari kwenye karatasi, umwulize mlinzi wake. Fanya hayo nje, juu ya benchi, kabla hujalipia dakika hata moja. Ukiingia, andika nambari, usiandike jina. Kurasa mia zitakuwa nusu ukurasa. Hapo ndipo uanze kuuliza maswali mengine: ni unga au imekwisha kuyeyushwa? Daraja gani, la kupimia au la kusafishia sakafu? Chupa ya ukubwa gani? Na inaruhusiwa kusafiri vipi? Swali hili la mwisho wengi huliacha, kisha wanashangaa mzigo umekaa bandari ya watu.

Fenofthalini ya Mwalimu ilinifundisha swali la kwanza. Jina lake lina herufi za kukwaza ulimi na vidole. Nilipoliandika mashine ilisema haimjui mtu huyo. Nilipoandika nambari walikuja wawili: unga, na maji yaliyokwisha kuchanganywa na spiriti. Haya ya pili yalikuwa na picha nzuri zaidi. Lakini Mwalimu aliniazima unga, na unga hukaa miaka. Nikachagua unga.

Asidi ya Hamadi ilinifundisha swali la kusafiri. Nilipofika mwisho wa ukurasa niliona alama ya hatari, na maelezo kwamba haipelekwi kwa posta. Inaunguza, inashika moto. Nikajiambia basi, tumekwama. Saumu, aliyekuwa anapita na kachori, akasoma juu ya bega langu. "Hapo chini wameandika mawakala. Bonyeza uone kama kuna wa karibu." Nikabonyeza. Kulikuwa na wakala Mombasa, mtaa ambao nilikuwa napita kila siku nikienda kuosha mapipa.

Oda ilipokwisha kusainiwa, nilikwenda mwenyewe kuichukua. Nilichapisha kwa Saumu ile karatasi ya usalama ambayo katalogi huiweka pamoja na kila kemikali, na ndiyo iliyonivusha Horohoro wakati wa kurudi. Ofisa aliishika chupa dhidi ya jua.

"Maji haya?"

"Siyo maji, afande."

"Pombe?"

"Ukionja hii, afande, hutaonja kingine."

Akaiweka chini taratibu sana. Akasoma karatasi, akaniuliza kwa nini chupa haina barafu wakati jina lake kwa Kizungu linataja barafu. Swali zuri, na nilimweleza: iko safi kiasi kwamba ikipata baridi ya Lushoto usiku huganda. Akapiga muhuri. Hamadi alipoipokea aliinusa kwa mbali, akafumba jicho moja. "Yakhe! Nlidhani ushaihama Tanga. Hii ndiyo yenyewe." Akanipiga picha ya bure, nimeshika chupa. Ipo sebuleni, karibu na fremu.

Ikabaki thayosalfeti. Hapa ndipo nilipojiona fundi. Safari hii niliandika jina pia, kwa udadisi, wakaja wawili wenye nambari tofauti, na hapo nikaelewa jambo ambalo chuoni nilijibia mtihani tu. Kemikali nyingine huja na maji yamefungwa ndani ya fuwele, nyingine huja kavu, na kila hali ina nambari yake. Ile ya Bi Mwanahamisi ni ya fuwele, yenye maji. Ile nyingine ilikuwa kavu, unga mweupe, kali zaidi kwa uzito ule ule, na bei yake juu. Niliziona zote mbili. Sikukosea kutafuta.

Lakini mimi ni mtu wa pwani. Mama yangu hakuwahi kurudisha bakuli la jirani likiwa na kile kile. Lilirudi na kitumbua juu, au ndizi mbivu. Chupa ya Bi Mwanahamisi ilikaa kwetu miaka. Nirudishe kama ilivyotoka, kama mtu anayerudisha jembe? Nikamwagizia iliyo kavu, ya daraja la juu kabisa. Bwana Mbwambo akasaini oda.

Mzigo ulichukua muda, lakini ukafika. Mwalimu Mhando alipopata unga wake alidondosha tone moja mbele ya darasa, wanafunzi wakashangilia rangi ya waridi, naye akawaambia, "Mnamwona huyu? Huyu alikuwa mwanafunzi wangu," jambo ambalo si kweli hata kidogo, na sikulikanusha.

Nikaenda kwa Bi Mwanahamisi nimevaa tai ile ile. Akaigeuza chupa, akashusha miwani, akasoma maandishi madogo chini ya lebo.

"Hii siyo yangu."

"Ni bora zaidi, Bi Mwanahamisi. Ni kavu. Daraja la—"

"Bora kwa nani? Maagizo yangu ya ukutani ni ya fuwele. Watu wa zamu wanapima kwa mazoea, asubuhi hata macho hawajafumbua. Wakipima uzito ule ule wa hii, kipimo kinakuwa kikali kuliko tunavyodhani, na mji mzima unakunywa maji kwa hesabu ya uongo. Kwa ajili ya kitumbua chako."

Alijua habari ya kitumbua bila kuambiwa. Naye ni mtu wa pwani.

Akalainisha sauti. "Nimeuona moyo wako, baba. Lakini nilikuazima yenye maji. Nirudishie yenye maji. Mzigo wa Komoro unaondoka lini?"

"Wiki ijayo."

"Basi una wiki."

Nilirudi maabara, nikaketi mbele ya chupa yake tupu. Oda ya pili hakuna. Bwana Mbwambo alipita mlangoni, akaitazama chupa, akanitazama mimi, akaenda zake.

Kisha nikakumbuka kwamba nina stashahada. Kama tofauti ni maji, basi maji ninayo. Nikarudi kwa Saumu, nikafungua kurasa zile mbili, moja kando ya nyingine, nikanakili uzito wa kila moja, maana katalogi huuandika. Kwa kutoa moja kwenye nyingine nikapata maji yanayokosekana, kwa kipimo kamili. Hilo nalo liwekeni akilini: katalogi haikuambii tu ununue nini, inakuambia pia ulicho nacho kina upungufu gani. Nikapima unga, nikapima maji yaliyokenekwa, yaani maji safi ya mvuke, nikapasha moto polepole mpaka vyote vikawa kimiminika angavu kama machozi. Nikafunika bika, kile chombo cha kioo nilichopashia, kwa kioo safi, nikaacha ipoe.

Asubuhi nilikimbia kuitazama. Ilikuwa bado maji. Imepoa kabisa, na bado maji. Nikakwaruza bika kwa ndani, nikaiweka kwenye kivuli, nikaitisha kwa macho. Wenzangu wakaanza kutazama pembeni.

Mwalimu wangu wa Mombasa aliwahi kutuonyesha kitu hiki, lakini jioni ile nilikuwa nimechoka na mapipa, nikakumbuka nusu. Nusu niliyokumbuka ilitosha: kimiminika hiki kinajua kinatakiwa kuwa nini, ila hakina wa kukiongoza. Kinahitaji punje moja ya fuwele halisi. Nami sikuwa na hata punje, kwa sababu chupa ya Bi Mwanahamisi nilikuwa nimeiosha kwa adabu mpaka ikang'aa.

Punje ilikuwa mahali pamoja tu mjini, rafuni kwa mwenyewe.

Hamadi alinichukua nyuma ya Vespa yake, mimi nimekumbatia bika iliyofunikwa taulo. Kila shimo la barabara alisema, "Shika yakhe, shika!" nami nikamjibu kwamba nikishika zaidi ya hapa nitaivunja. Tukaingia maabara ya maji tukiwa na vumbi.

"Shikamoo, Bi Mwanahamisi."

"Marahaba. Umeleta supu?"

"Nimeleta cha kujaza chupa yako, ila hakijawa tayari. Nimekuja kuazima."

Akaweka kalamu chini. "Kuazima! Hujalipa ya kwanza!"

"Punje moja. Ya kulipia."

Akaitazama bika, akanitazama, nikaona uso wake unaanza kuelewa kabla ya mdomo. Akashusha rafuni chupa yake nyingine, akachagua fuwele moja ndogo kwa koleo, akafunua kioo, akaidondosha mwenyewe.

Ilizama kidogo tu. Kisha ikaota miiba. Miiba myeupe ikakimbia kila upande, ikagusa kuta, ikashuka mpaka chini, na kilichokuwa maji kikawa jiwe mbele ya macho yetu. Hamadi alisema bismillahi, akarudi nyuma. Bi Mwanahamisi akaweka kiganja kwenye bika.

"Inapata moto," akasema polepole. "Bwana Stashahada, inapata moto!"

Alikuwa anajua kwamba itapata moto. Alikuwa amesoma kuliko mimi. Lakini kusoma ni kitu kimoja na kiganja ni kingine, na alikuwa anacheka kama msichana.

Hakunipa sahihi kwa kicheko. Alivunja zile fuwele, akazikausha kwa karatasi, na kesho yake akazipima kwa bureti yake mwenyewe, amekunja magoti, mara moja, mara ya pili, mpaka akaridhika. Ndipo nikaleta chupa yake, ile niliyoiosha, nikaijaza mbele yake. Ikajaa, na nyingine zikabaki mezani. Akazipima zilizobaki, kwa mazoea.

"Umezidisha," akasema. "Unga ulioleta ulikuwa pungufu ya hizi zote."

"Ni maji tu, Bi Mwanahamisi. Ndicho kitumbua chenyewe."

Akapima sampuli ya mafuta, akaweka sahihi kwenye majibu. Mzigo wa Komoro ukaondoka, na chumba ambacho ninyi mnakaa leo kikabaki na mlango wazi. Nilikunja karatasi, nikaaga. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita.

"Na punje yangu niliyokuazima jana?"

Nikaonyesha chupa yake, imejaa mpaka shingoni.

"Imo humo. Itafute."

Alicheka mpaka akavua miwani. Niliporudi kiwandani nilisimama mbele ya rafu ya dirishani. Ubao ulikuwa na duara tatu safi mahali ambapo vumbi halikuwa limefika miaka yote ile, na juu yake hapakuwa na chupa ya mtu.